Hawa ni watu wa foleni

Tangu mwezi wa kwanza nimekuwa nataka kuandika hili jambo la wakimbizi waliofungiwa mlango wa Marekani nikashindwa, kila nikifungua laptopu nakuta habari mpya imefuta ya jana, nasoma mpaka saa saba usiku halafu naenda kulala kichwa kinauma. Leo ni Jumapili tarehe 2 Machi 2025, nimetoka kanisani, chai ipo mezani, basi naandika tu hata kama itatoka bila mpangilio.

Kwa ambao hamnijui, mie ni mtu wa Kasulu, Kigoma, naishi Louisville jimbo la Kentucky na kazi yangu ni ukalimani. Naitwa hospitali, naitwa mashuleni, ila zaidi nafanya na shirika moja linalopokea wakimbizi. Wengi ninaowatafsiria ni Wakongo, watu wa Fizi, Uvira, Baraka, Masisi huko, na wengi wao wamepitia kambi ya Nyarugusu huko kwetu Kasulu, ambayo kwangu mimi sio jina la kwenye taarifa ya habari. Kambi ile ilifunguliwa 1996 nikiwa mtoto, nimekua naona malori yanapita kwetu yamejaza watu na magodoro. Kwa hiyo mama akiniambia ametoka Nyarugusu naijua mpaka rangi ya vumbi lake.

Sasa ukalimani una sheria moja ambayo watu wengi hawaijui. Unaongea kama yule anayeongea. Kesiwoka, yaani mfanyakazi wa shirika anayesimamia kesi ya familia, akisema "nasikitika", sisemi "anasema anasikitika", nasema "nasikitika", mimi, kwa mdomo wangu. Siku za kawaida haina shida, unazoea. Ila Jumatano tarehe 22 Januari, siku mbili baada ya Trump kuapishwa, nilipigiwa simu ya watu watatu, mimi, kesiwoka na mama mmoja wa miaka sitini na kitu (nimemuomba ruhusa nisimulie, na nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane). Mama huyu alikuja miaka michache iliyopita, binti yake akabaki Nyarugusu na watoto wanne kwa sababu alikuwa ameshaolewa, kesi zao, yaani maombi yao ya kuhamia Marekani, zikatenganishwa, nyie mliopitia huko mnajua habari za kesi kutenganishwa. Mwezi wa kumi na mbili binti akapewa tarehe ya kusafiri. Mwisho wa Januari. Mama alikuwa anaitaja hiyo tarehe kama mtu anavyotaja jina la mjukuu.

Na mimi ndo nikamwambia, "Mama, safari ya binti yako imefutwa, na sina tarehe nyingine ya kukupa."

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Halafu akasema taratibu kabisa, "Mwanangu, kwani mimi nilikukosea nini?"

Aliniuliza mimi. Sio shirika, sio serikali ya Marekani, mimi mtoto wa Kasulu ambaye humwamkia shikamoo kila Jumapili. Na sheria ya kazi inasema hilo nalo nilitafsiri, nikalitafsiri kwa Kiingereza, na kesiwoka naye akakosa la kujibu. Nimefanya hii kazi muda mrefu, nimetafsiri habari za misiba na za kansa, lakini swali lile bado liko masikioni mwangu.

Jioni nikaenda kwake. Nje baridi ya kukata masikio, barafu imeganda kwenye ngazi. Ukiingia tu mlangoni kulia kuna ndoano, na kwenye ndoano kulikuwa na jaketi tano za baridi, moja kubwa ya binti na nne za watoto zimepangwa kwa urefu, za kupewa kanisani, ya mwisho ndogo kabisa ya rangi ya njano na karatasi ya bei bado inaning'inia kwenye mkono. Chumbani kitanda cha ghorofa, godoro la juu halijatolewa kwenye nailoni. Jikoni gunia la mchele na pakti ya dagaa wa Kigoma ambao sijui aliwapata kwa njia gani. Tukakaa. Hakulia. Alinionyesha tu kile kitanda akaniuliza kama anatakiwa akirudishe.

Na upande wa pili ilikuwaje? Binti ameshauza sufuria, ameuza kuku, baiskeli ya mume imeuzwa, bustani ya mihogo ameachia jirani. Ukipewa tarehe kambini ndivyo unavyofanya, unagawa maisha yako maana begi ni moja. Sasa amebaki pale pale bila sufuria.

Nataka nieleze nini hasa kilitokea, maana naona kwenye magrupu watu wanachanganya mambo. Tarehe 20 Januari, siku ile ya kiapo kilichofanyika ndani ya Capitol kwa sababu ya baridi, rais alisaini amri zaidi ya 20. Moja ikasimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi, ianze kutumika tarehe 27. Ila hawakusubiri hiyo tarehe 27, kati ya 21 na 22 safari zote zilizokuwa zimepangwa zikafutwa, watu zaidi ya 10,000 waliokuwa tayari wana tiketi zao. Tiketi, jamani. Hao sio watu wanaofikiriwa fikiriwa, ni watu waliokwisha kubaliwa na serikali hiyo hiyo.

Na hapa ndipo roho yangu inapouma. Miaka yote tumesikia wanasiasa wa huku wanasema hawana shida na wageni, wanachotaka ni watu wapite njia halali, wapange foleni. Sawa. Sasa hawa ni watu wa foleni! Hakuna mtu duniani aliyepanga foleni kama mkimbizi wa Nyarugusu. Wapo wanaongojea tangu miaka ya tisini. Unaandikishwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, unahojiwa, unahojiwa tena na watu wa ofisi ya Nairobi wanaoandaa kesi, halafu anakuja afisa wa imigresheni kutoka Marekani anakuhoji upya, mumeo anaulizwa peke yake na wewe peke yako, mkipishana mwaka wa ndoa kesi inakaa. Alama za vidole, picha, majina yanapitishwa kwenye mitambo yao ya usalama, kisha medikali, kifua kinapigwa picha. Mtu amevumilia hayo yote miaka kumi na tano bila kuruka ukuta wala kuingia msituni, ameenda kwenye kila apointimenti na kadi yake ya mgao mkononi, na mlango wa kwanza kabisa kufungwa ni wa kwake.

Amri yenyewe nimeisoma, sio ndefu. Inasema miji ya Marekani imelemewa na inataja mfano wa Springfield, Ohio, ambayo kutoka hapa kwetu unavuka tu Cincinnati. Lakini watu waliofika Springfield kwa wingi ni Wahaiti, na wengi wao walikuja kwa vibali vingine kabisa, sio kupitia mpango huu wa wakimbizi. Yaani kosa, kama ni kosa, limetajwa la fulani, halafu aliyefungiwa mlango ni mwingine. Hili nimelisema kwa watu wengi na wengi walikuwa hawajui.

Kuna waliosema "si siku 90 tu, tulieni." Amri inasema baada ya siku 90 rais apewe ripoti kama mpango urudishwe au la. Lakini mtu anayejua kesi zinavyoenda hawezi kukwambia utulie. Kila hatua ya kesi ina tarehe yake ya kuisha. Medikali inadumu miezi michache, ukaguzi wa usalama nao una muda wake, na siku ya kupanda ndege vyote lazima viwe hai kwa pamoja. Kimoja kikifa unarudia, na wakati unarudia hicho kingine kinakufa, na ukizaa mtoto katikati hapo mtoto naye anaongezwa kwenye kesi na yeye apimwe. Mwaka 2017 rais huyu huyu alisimamisha kwa siku 120, nina watu ninaowajua walipoteza miaka mitatu, minne. Mpaka anaondoka madarakani ile mara ya kwanza idadi ya wakimbizi iliyoruhusiwa kwa mwaka ilikuwa imeshuka mpaka 15,000. Mwaka wa bajeti ya serikali wa 2024 waliingia zaidi ya 100,000 na Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lolote. Kwa hiyo ukisikia wakimbizi wamefungiwa, elewa kwamba wengi kati ya wanaofungiwa ni watu wanaoongea lugha unayosoma hapa.

Halafu ile tarehe 27 Januari. Jumatatu. Amri inaanza rasmi kutumika, na siku hiyo hiyo waasi wa M23 wanaingia mji wa Goma, mashariki ya Kongo. Nilikuwa zamu ya hospitali, kila mgonjwa Mkongo niliyemtafsiria alikuwa na simu mkononi, daktari anauliza habari za presha, mgonjwa anaangalia video ya mtaa wa Birere. Wiki tatu baadaye, tarehe 16 Februari, Bukavu nayo. Watu wa Uvira wakaanza kuvuka mto Rusizi kwenda Burundi, wengine ndani ya maji. Baba mmoja aliniambia nyumba yake ina moto nyuma na mlango wa mbele umefungwa, na yeye yuko nje anaangalia, hana ndoo.

Mambo ya Ijumaa tarehe 24 Januari hayakupewa nafasi kubwa kwenye habari lakini hapa yalituvuruga kuliko yote. Ulikuwa ukifika Marekani kama mkimbizi, siku zako 90 za kwanza shirika linakushika mkono kwa pesa ya serikali, renti, chakula cha kuanzia, kuandikisha watoto shule, kutafuta kazi. Siku hiyo mashirika yakapewa barua ya kusimamisha kazi. Hata kwa waliokwisha fika! Kuna familia ya watu saba walishuka uwanja wa ndege katikati ya Januari, hawajui hata kuwasha hita, na wiki ya pili anayewahudumia anaambiwa asiwahudumie kwa pesa ile. Renti ya Februari ikalipwa na kanisa mbili, na Msikiti, na mwalimu mmoja Mzungu wa kule shuleni ambaye alitoa pesa yake akakataa kutajwa. Nawaambia hili kwa sababu nataka muwajue na hao. Mimi sipendi wanaosema Wamarekani wote ni wabaya, mwalimu yule nimemuona kwa macho yangu anabeba meza kichwani kwenye barafu.

Na kesho yake ukipiga simu Kasulu nako hakukaliki. Siku ile ile ya kiapo ilisainiwa amri nyingine ya kusimamisha misaada ya nje siku 90, mdogo wangu alikuwa kwenye mradi wa afya wa pesa za USAID, shirika la misaada la Marekani, akaambiwa arudi nyumbani asubiri, mpaka leo anasubiri. Baadaye wakasema dawa za kuokoa maisha ziendelee, ila dawa zinaendeleaje kama anayezigawa ameambiwa asije kazini?

Sasa hofu ya walioko huku ndani. Watu wanauliza, nyie si mna karatasi, mnaogopa nini. Nimeliona hili swali likiulizwa kwa dharau na limeniudhi. Nawajibu kwa kitu kimoja. Wiki ya kwanza ya Februari baba mmoja wa Baraka alinifuata baada ya ibada na kadi nyeupe, kalamu na begi la shule la mtoto wa darasa la pili. Akaniambia, "Dada, uandike kwa Kingereza ya kama huyu mutoto iko na makaratasi." Alitaka kuweka kadi ile ndani ya begi pamoja na kopi ya I-94, karatasi inayoonyesha mtu ameingia nchini kihalali, kwa sababu serikali ilikuwa imetangaza kwamba maafisa wa ICE, wale wanaokamata watu wa uhamiaji, hawazuiwi tena kuingia mashuleni, makanisani na mahospitalini kama zamani. Mtoto alikuwa amesimama pembeni anakula biskuti. Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya maana mkono ulikuwa unatetemeka. Huyu baba ameingia nchi hii kwa mlango wa mbele, na akili yake iko sawa kabisa. Ametoka mahali ambapo karatasi haikuwahi kumsaidia mtu aliyesimamishwa njiani na wenye bunduki, sasa umetangaza kwamba hata shule sio mahali pa salama, unategemea afikiri nini?

Ila hofu ina mwenzake, uzushi, na hapa nagombana na watu wangu wenyewe. Zile voisi za WhatsApp. "Jamani msiende duka fulani ICE wamejaa." Nimefuatilia tatu, moja ilikuwa ajali ya barabarani, nyingine magari ya polisi wa kawaida, ya tatu ilirekodiwa mji mwingine kabisa na mtu ambaye hata hajulikani. Kwa sababu ya ile ya pili kuna mama mjamzito aliruka kliniki. Nakuombeni sana, kama hujaona kwa macho yako usirushe. Unaweza kudhani unasaidia kumbe umemfungia mtu ndani bila dawa. Na tarehe 28 Januari pale walipotaka kuzuia pesa za serikali kwa ujumla, mifumo ya Medicaid, bima ya afya ya serikali, ikasumbua siku ile, voisi zikaanza kwamba bima ya wakimbizi imefutwa. Haikufutwa. Jaji alizuia jioni ile ile na kesho yake ule waraka ukaondolewa.

Wabongo wenzangu na Wakenya, nanyi nina neno lenu. Kwenye grupu moja mtu ameandika kwamba sisi tumekuja kwa visa zetu, wakimbizi wapambane na hali yao. Nilisoma nikaweka simu chini. Kwa sababu kwenye grupu hilo hilo yumo dada mwanafunzi ana mimba ya kujifungua mwezi huu wa tatu, yeye na mumewe wote wana visa za shule, na amri nyingine ya siku ile ile ya kiapo ilisema mtoto wa namna hiyo atakayezaliwa kuanzia Februari 19 asihesabiwe raia. Jaji Coughenour wa Seattle aliizuia siku tatu tu baada ya kiapo, tarehe 23 Januari, na majaji wengine wakafuata, kwa hiyo mpaka mwanzo wa Machi 2025 ilikuwa haijatumika. Lakini dada wa watu alikaa wiki hajui mwanaye atakuwa wa wapi. Mkongo na Mtanzania hapa ni ndugu, asikudanganye mtu, tukifa mazishi yetu yanachangiwa kapu moja.

Na wapo kati yetu waliompigia kura huyu rais, raia wenye haki yao, wengine kwa imani yao ya dini, wengine kwa bei ya mayai. Siwatukani. Nawaomba tu waje wakae na mama yule kwenye kile chumba dakika kumi.

Mahakama nazo zimetuchosha moyo. Jumanne iliyopita tarehe 25 Februari jaji Whitehead wa Seattle alisema ule usimamishaji wa wakimbizi uzuiwe, kwamba sheria ya wakimbizi ya 1980 imetungwa na bunge na rais hawezi kuifuta kimya kimya. Tulipiga vigelegele ofisini, kweli kabisa, nikampigia mama yule kabla hata sijamaliza kusoma. Kosa langu hilo, najilaumu mpaka sasa. Maana Jumatano, saa ishirini na nne hazijaisha, mashirika yakaanza kupokea barua za kuvunjiwa mikataba. Kwa hiyo wiki ile kwenye karatasi mlango ulikuwa wazi na anayeushika mlango alikuwa amefukuzwa kazi. Nimelazimika kumpigia tena. Safari hii hakuniuliza amenikosea nini. Alisema tu, "Sawa mwanangu, umekula?"

Niseme ya kushika mkononi, maana mmeniuliza wengi. I-94 au grini kadi yenyewe tembea nayo, maana sheria inamtaka mwenye miaka 18 kwenda juu awe nayo, na kopi weka nyumbani mahali ambapo mwenzio anapajua. Umetimiza mwaka mmoja na hujaomba grini kadi, omba sasa. Mtu akigonga akasema ni wa imigresheni huna lazima ya kufungua mlango mpaka akuonyeshe hati yenye saini ya jaji, muambie aipitishe chini ya mlango, na usisaini chochote usichokielewa. Usimlipe mtu anayesema ana njia ya mkato ya kufufua kesi ya kambini, hakuna njia hiyo, kuna wezi wameshaanza. Na mwenye ndugu kwenye kambi za Nyarugusu, Kakuma ya Kenya au Nakivale ya Uganda, mwambie asibadilishe namba ya simu iliyoko kwenye faili na asikose kuripoti mtoto aliyezaliwa.

Alhamisi saa kumi na mbili jioni tuna mwanasheria kwenye ukumbi wa kanisa, haitozwi pesa. Njooni na makaratasi yote, hata yale mnayodhani hayana kazi. Nitakuwepo kutafsiri. Mama naye atakuja, amesema analeta zile jaketi za watoto, kuna familia ya watu saba wale wa Januari hawana za kutosha. Ile ya njano amesema hiyo inabaki.